Prosesa Inachemka: Tazama Joto Linavyopanda Kabla ya Kushika Bisibisi

"Prosesa yangu inafika nyuzi 85, ni sawa?" Swali hilo huulizwa kila siku, na kwa namna lilivyoulizwa halijibiki. Nyuzi 85 zilizofikiwa sekunde moja baada ya kuanzisha kazi nzito ni habari moja. Nyuzi 85 zilizofikiwa baada ya dakika ishirini za gemu ni habari nyingine kabisa, na dawa zake hazifanani. Nambari inakupa ukali wa homa tu. Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi, tazama mwendo: joto linapanda kwa haraka gani, linakaa wapi, na linashuka vipi kazi ikikatishwa.

Ukomo wa chipu yako

Kila prosesa ina ukomo wa joto uliowekwa kiwandani. Ikiukaribia inajipunguza kasi; joto likizidi kupanda hata hivyo, inaizima kompyuta nzima ili isiungue. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina ukomo wa nyuzi 100, na zile za Core Ultra 200S zimesogezwa hadi 105. Upande wa AMD, Ryzen 9 5950X inaishia 90, Ryzen 9 7950X inaishia 95, na Ryzen 7 7800X3D, yenye tabaka la ziada la kumbukumbu ndani yake, inaishia 89. Programu ya Core Temp huandika ukomo huo kwenye mstari wa Tj. Max.

Ryzen 7000 zinahitaji neno la pembeni, maana zimewapotezea watu muda mwingi. AMD walisema tangu zilipotoka mwaka 2022 kwamba zimeundwa kukaa kwenye nyuzi 95 zikipewa kazi ya viini vyote (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). Prosesa hizo zinaongeza kasi mpaka zigonge ukomo wa joto au wa umeme, chochote kitakachotangulia. Ukiifungia 7950X kipoozeo kikubwa zaidi, huenda ukaona zilezile 95, ila gigahezi zimeongezeka. Kwa hiyo kwa chipu za namna hiyo tazama kasi na wati, usitazame joto peke yake.

Kupima bila kudanganywa

Task Manager ya Windows haionyeshi joto la prosesa. Linaloonekana pale ni la kadi ya grafiki. BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, nayo si mahali pazuri pa kupimia, kwa kuwa ukiwa ndani yake njia nyingi za prosesa za kujipumzisha zinakuwa hazifanyi kazi, na joto huonekana juu kuliko kompyuta iliyotulia kwenye Windows. Tumia HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta. Kwa Intel soma mstari wa CPU Package, kwa AMD soma CPU (Tctl/Tdie). Kwenye Linux sakinisha lm-sensors, endesha `sensors-detect` mara moja, kisha acha `watch -n 1 sensors` ikiwa wazi pembeni: Package id 0 ni ya Intel, Tctl ni ya AMD.

Mistari mingine mingi inatoka kwenye ubao mama na baadhi haina maana yoyote. Ukiona AUXTIN inasoma 110 au nambari hasi huku kompyuta ikifanya kazi vizuri, hiyo ni njia ya kihisi ambayo haikuunganishwa na kitu. Iache. Ukiwa na Ryzen 7 1700X au 1800X za mwaka 2017, jua kwamba Tctl yake imeongezwa nyuzi 20 kwa makusudi kwa ajili ya kuongoza feni. Programu zinazolijua hilo huzitoa, zisizolijua hukutia hofu ya bure.

Pima na joto la chumba. Kipoozeo cha hewa au cha maji hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoizunguka, hivyo nyuzi 19 ndani ya chumba cha nyuzi 28 ni makosa ya kihisi. Vihisi vya Intel hupima umbali uliobaki kufikia ukomo, na usahihi wake ni mzuri karibu na ukomo kuliko huko chini. Ubishi wa "yangu ikitulia ina 31, yako 36" hauna faida kwa mtu yeyote. Chumba kikipanda nyuzi nane, tarajia prosesa ipande karibu hizohizo nane. Kabla ya kusema mashine imeharibika, linganisha na hali ya hewa ya siku uliyoipima mara ya mwisho.

Sasa iache kompyuta itulie dakika kumi, kisha uipe mzigo wa dakika kumi na tano: Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, ikijirudia, au kwenye Linux `stress-ng --cpu 0 --timeout 15m`. Andika joto la mwanzo, la baada ya sekunde tano, la baada ya dakika moja, la mwisho kabisa, na la sekunde kumi baada ya kuisimamisha. Andika na wati, mstari wa CPU Package Power. Wati ndiyo nusu ya pili ya habari, na ndiyo watu wanayoisahau. Sishauri kuanza na jaribio la Small FFTs la programu ya Prime95. Inaichosha prosesa kuliko karibu kazi yoyote utakayoifanya, na itakuonyesha tatizo ambalo kwenye matumizi yako huenda halipo.

Joto linaruka mara moja na kushuka mara moja

Ilikuwa 40, umeanzisha kazi, sekunde mbili baadaye iko 95. Umesimamisha, sekunde tatu baadaye iko 50. Hapa usiangalie feni za kasha. Chuma cha kipoozeo kina uzito na huchukua dakika kadhaa kupata moto, kwa hiyo joto lililoruka ndani ya sekunde mbili halijafika hata kwenye chuma. Limekwama kati ya chipu na kipoozeo.

Ila kabla ya kufungua, rudi kwenye wati. Kama prosesa inatumia wati 65 na imeruka hadi 95, mgusano ni mbovu, hakuna mjadala. Kama inatumia wati 250, inawezekana mgusano ni mzima na joto ni jingi tu kuliko linavyoweza kupita kwenye eneo dogo la chipu. Huyo tutamjadili chini.

Mgusano mbovu una sababu chache zinazojulikana. Kwa mashine iliyounganishwa juzi, shuku karatasi ya plastiki inayolinda uso wa chini wa kipoozeo. Huwa imeandikwa onyo waziwazi, na bado watu huifunga nayo. Kwa mashine ya miaka kadhaa, shuku pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo, iliyokauka au iliyosukumwa pembeni na kupanuka na kusinyaa kwa chuma. Kwa mashine iliyosafirishwa, shuku kipoozeo kilicholegea.

Vipoozeo vinavyokuja na prosesa za Intel vina miguu minne ya plastiki ya kusukuma, na hiyo ndiyo sehemu yenye lawama nyingi kuliko zote. Usikague kwa kutazama juu. Geuza kasha, fungua kifuniko cha nyuma ya ubao mama, angalia matundu manne: kila mguu unatakiwa uwe umetokeza, plastiki yake nyeupe imetanuka na pini nyeusi imeingia katikati yake. Mguu mmoja ukiwa umeishia nusu, kipoozeo kimeinama upande mmoja, na kutoka juu hutaona tofauti. Wakati wa kufunga, sukuma kwa mkingamo, miwili inayotazamana kona kwa kona kwanza, na usikilize mlio wa kila mguu. Kwa vipoozeo vya skrubu utaratibu ni huohuo wa mkingamo: mizunguko michache hapa, michache upande wa pili, mpaka zote zigome.

Kwenye kuvua, wenye soketi ya AM4 ya AMD wawe na tahadhari. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka huigandisha kwenye kipoozeo. Ukivuta moja kwa moja juu, prosesa inang'oka pamoja nacho na pini zinapinda. Iendeshe kompyuta dakika chache ipate joto, zima, chomoa waya wa umeme, legeza vifungo, kisha zungusha kipoozeo kidogo kushoto na kulia mpaka kiachie chenyewe. AM5 imeondokana na balaa hilo, pini zimehamia kwenye soketi.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi kilicholowanishwa kwa alkoholi ya isopropili, pande zote mbili, mpaka kitambaa kitoke safi. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya njegere, ufunge. Tofauti kati ya pesti nzuri na pesti bora ni nyuzi chache. Tofauti kati ya kipoozeo kilichokaa sawa na kilichoinama ni makumi. Metali ya kimiminika yenye galiamu, inayotumika badala ya pesti, usiiguse kama uso wa kipoozeo ni alumini, maana galiamu huila alumini, na ikimwagika kwenye ubao inapitisha umeme.

Joto linapanda polepole na kukataa kushuka

Dakika ya kwanza 65, ya tano 76, ya kumi na tano 88. Umesimamisha kazi, na dakika nzima imepita bado iko 60. Mgusano wako ni mzima. Joto linatoka kwenye chipu vizuri, linaingia kwenye chuma vizuri, ila halina pa kwenda.

Jaribio la kuthibitisha hili ni rahisi mno: rudia kipimo kilekile kifuniko cha ubavuni kikiwa wazi. Likishuka kwa nyuzi sita, nane au zaidi, kasha linakosa hewa. Likibaki palepale, shida iko kwenye kipoozeo chenyewe au feni yake. Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Kipoozeo kikubwa ndani ya kasha lisilopumua kitazungusha hewa ileile ya moto.

Vumbi ni mshukiwa wa kwanza. Kwenye vipoozeo vya mapezi halitandi juu tu, linajisuka kuwa zulia jembamba kati ya feni na mapezi, mahali usipopaona bila kuing'oa feni. Vua feni, toa zulia hilo kwa mkono, malizia kwa brashi laini na bloa. Ukipuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Kuyaacha yakimbie kwa nguvu ya bloa kunaweza kuharibu beringi. Vichujio vya mbele vya kasha navyo vioshwe na vikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Halafu mwelekeo wa feni. Feni ya kawaida huvuta hewa kutoka upande wake ulio wazi na kuitoa upande wenye nguzo zinazoshikilia mota. Kipande cha karatasi laini kitakuambia bila kubahatisha: mbele kivutwe ndani, nyuma na juu kisukumwe nje. Nimeona makasha yenye feni sita, zote zinatoa. Kasha la namna hiyo huvuta hewa kupitia kila ufa, pamoja na vumbi lote, na prosesa inapata mabaki.

Hapohapo, tazama mizunguko ya feni ya prosesa. Ikiwa mzigo umejaa na feni iko kwenye mizunguko 700 kwa dakika, mpangilio wa kimya umechaguliwa kwenye BIOS. Feni ya waya tatu kwenye tundu lililopangwa kwa waya nne hufanya kinyume: hukimbia kasi kamili muda wote, kwa kuwa ubao haujui kuiongoza. Kwenye BIOS chagua PWM kwa feni ya waya nne au DC kwa ya waya tatu, uipime tena. Ujumbe wa CPU Fan Error wakati wa kuwaka mara nyingi una maana nyepesi: feni imechomekwa kwenye tundu lolote lile isipokuwa CPU_FAN.

Kipoozeo cha maji kilichokuwa kizuri jana

Maji hubeba joto jingi kabla ya kupata moto, kwa hiyo kipoozeo hiki huonekana hodari dakika za mwanzo na ukweli wake hutokea baadaye. Kipimo cha dakika tano hakikutoshi. Kipe nusu saa.

Kikibadilika ghafla, shika mabomba mawili kwa mkono kompyuta ikiwa na mzigo. Kwenye mfumo mzima yote mawili yana uvuguvugu unaokaribiana. Pampu ikifa, prosesa inaungua huku rejeta ikiwa baridi kama hakuna kinachoendelea. Angalia kama mizunguko ya pampu inasomeka, kisha hakikisha tundu lake halipunguziwi umeme kama feni. Pampu iachiwe kasi kamili muda wote, isipokuwa mtengenezaji wake amesema vinginevyo.

Ukisikia sauti ya maji yanayogugumia, kuna hewa ndani. Hewa hukimbilia sehemu ya juu kabisa, na kama sehemu hiyo ni pampu, hapo ndipo itakapokaa. Panga rejeta ili ukingo wake wa juu uwe juu ya pampu. Rejeta kwenye dari ya kasha ni salama daima.

Iko moto hata ikiwa haifanyi kazi

Kwanza hakikisha kweli haifanyi kazi. Panga orodha ya Task Manager kwa matumizi ya CPU, usubiri dakika mbili. Apdeti, faharasa ya utafutaji na programu za kulinda virusi huisha zenyewe. Tabia ya kutilia shaka ni hii: feni zinanguruma, HWiNFO inaonyesha wati nyingi, unafungua Task Manager na kila kitu kinatulia papo hapo, unaifunga na mngurumo unarudi. Baadhi ya virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali vimeandikwa vijifiche namna hiyohiyo. HWiNFO ikiwa wazi peke yake, wati zitavisema.

Kama wati ziko chini na joto bado liko juu, rudi kwenye mgusano. Kama wati ziko juu bila kazi, kagua mpango wa umeme wa Windows. Kiwango cha chini cha prosesa kikiwekwa asilimia 100, haipumziki.

Joto linaloruka kutoka 40 hadi 58 na kurudi kila unapofungua ukurasa, hasa kwenye Ryzen, si ugonjwa. Kiini kimoja kinapewa volteji kubwa kwa muda mfupi kimalize kazi haraka. Kinachokera ni feni kulifuata kila ruko. BIOS nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha feni. Zipe sekunde kadhaa na kelele itakwisha, wala joto halitaongezeka kwa kiasi cha kukusumbua.

Inachemka kwenye gemu tu, majaribio inayafaulu

Hii huwachanganya wengi kwa sababu gemu huipa prosesa kazi ndogo kuliko Cinebench. Mkosaji ni jirani yake. Kadi ya grafiki ya wati 300 inamwaga joto lote hilo ndani ya kasha, na kipoozeo cha prosesa kinavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Kuiongezea prosesa pesti hakutasaidia lolote. Ongeza hewa inayoingia mbele, au fungia gemu lisizidi kiwango cha fremu ambacho skrini yako inaweza kuonyesha. Kadi itatumia wati chache na prosesa itapoa pamoja nayo.

Kila kitu ni kizima, bado inagonga ukomo

Sasa ndiyo zamu ya wale wa wati 250. Core i9-13900K imeandikwa wati 125 za msingi na 253 za juu, lakini bao nyingi zimeuzwa na ukomo wa umeme uliowekwa wati 4096, maana yake hakuna ukomo. Ingia BIOS uirudishe kwenye viwango vya Intel. Kwa AMD, washa Eco Mode, mpangilio wa kubana umeme: ile ya wati 65 huifungia soketi kwenye wati 88. Kasi inayopotea ni ndogo kuliko inavyotishia, kwa kuwa gigahezi za mwisho ndizo zinazokula umeme kupita kiasi. Mwenye subira apunguze volteji kidogo kidogo, akijaribu uthabiti kila hatua.

Jaribio la haraka bila kuingia BIOS: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka Maximum processor state iwe asilimia 99. Kwenye kompyuta nyingi hilo huzima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, na joto huporomoka. Mimi hulitumia kama kipimo cha kuthibitisha kwamba tatizo ni wati. Kuliacha hivyo moja kwa moja ni kuiminya prosesa uliyoilipia.

Inajizima, lakini joto halikuwa juu

Acha HWiNFO irekodi kwenye faili kisha usome mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Ikiwa prosesa ilikuwa 97 na inapanda, rudi juu. Ikiwa ilikuwa 68, acha kuisumbua. Tukio la Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, halitakusaidia kuchagua, linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Shuku pawa saplai, hasa kama inajizima sekunde ileile mzigo wa kadi ya grafiki unapoanza. Shuku pia eneo la kulisha prosesa umeme kwenye ubao mama, mstari wa VRM kwenye HWiNFO. Kwenye bao nyepesi zisizo na chuma cha kupoza hapo, linaweza kuwa moto kuliko prosesa na kuilazimisha ishuke kasi. Kipoozeo cha maji hukuza tatizo hilo, kwa sababu feni iliyokuwa ikipuliza pale imehamia kwenye rejeta.

Na kama una Intel ya kizazi cha 13 au 14 ya daraja la juu, inayoangusha programu ovyo huku joto likiwa la kawaida, sakinisha BIOS mpya kabla ya yote. Intel walitoa marekebisho ya 0x129 Agosti 2024 kwa ajili ya volteji iliyokuwa ikipanda kupita kiasi. Marekebisho hayo huzuia uharibifu usiendelee. Chipu iliyokwisha kudhoofika hayaiponyi, hiyo inadaiwa kwenye waranti.